Somo Yangu, Nafsi Haiuawi

Ujiji, Kigoma

Kwako somo yangu wa Ng'ambo, Tabora,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku kwetu hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kulia ambalo siku hizi lina kauli yake kila nikipanda ngazi. Mwezi unakaribia kutimia, mbalamwezi imetanda ziwa zima, na wavuvi wa Kibirizi wanajua kwamba taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwanga ule. Mitumbwi imevutwa ufukweni na mie sina cha kuanika. Kwa hiyo barua hii itakuwa ndefu. Ukichoka nayo iweke chini, unywe chai, uirudie.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena. Na kabla haijafika, shemeji alikuwa ameshanipigia simu. Usimkasirikie, hakuja kumsengenya mkewe. Alisema tu, "Shemeji, mwenzako ameacha kusoma maulidi, amegawa doti zake zote nzuri, anafunga kila siku, na ukimuuliza jambo anajibu kwamba yeye si kitu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na mie nimechoka kuishi na mtu ambaye si kitu." Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

Unasema ulipokuwa unasoma kwenye yale maulidi ya akina mama, mkafika pale pa kusimama, wanawake wakalia kwa sauti yako, ukasikia ndani kitu kinanyanyuka na kutamba. Ukakiogopa. Ukaapa kwamba utakiua. Tangu hapo unakaa nyuma ya wote, mlangoni penye viatu, hufungui mdomo.

Nianze na hilo la kuua, maana ndilo lililoninyima usingizi. Tangu tuliposhika tarika, njia hii yetu ya Kisufi, tumesikia masheikh wetu wakihimiza jihadi ya nafsi, na wana haki ya kuhimiza. Lakini fungua msahafu, Suratul Fajr, zile aya za mwisho tunazozisikia kila msiba. Mwenyezi Mungu anaita: ewe nafsi iliyotua, rejea kwa Mola wako hali umeridhika, nawe umeridhiwa. Anayeitwa pale ni nafsi, somo. Ni hii hii ambayo katika Surat Yusuf imetajwa kuwa inaamrisha mno maovu, na katika Suratul Qiyama Mungu ameiapia inapojilaumu. Wanavyuoni wanazihesabu kuwa hali tatu, na mwenye kuzipitia ni mmoja. Sasa wewe ukishaiua, siku ikiambiwa rejea, ataitika nani?

Nionavyo mie, leo uko kwenye ile hali ya katikati, ya kujilaumu. Ni hali tukufu, maana Mungu haapi kwa kitu cha ovyo. Ila ni pa kupita. Wapo wanaofika hapo wakachimba msingi na kujenga, wakaona raha ya kujilaumu inazidi ile raha ya kusifiwa waliyoikimbia. Barua yako yote nimetafuta habari za binti yako mdogo aliyekuwa na homa, sikuzipata. Nikatafuta habari za mama mkwe wako, sikuziona. Niliyemwona ni wewe tu: mimi mchafu, mimi mwenye kibri, mimi si kitu. Nafsi haijali sana kama inasifiwa au inatukanwa, mradi izungumzwe.

Nikupe habari ya Liemba, ile meli ya ziwani kwetu, maana nyinyi watu wa bara mnaijua jina tu. Wajerumani waliiunda kwao mwaka 1913, wakaifumua, wakaileta vipande vipande hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka hapa Kigoma, wakaiunganisha upya na kuishusha majini mwaka 1915. Ilikuwa meli ya vita, jina lake Graf von Götzen. Mwaka 1916, walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini mafuta mazito ili kutu isizile. Walikuwa na nia ya kurudi kuiibua.

Basi wengi wetu tunaizamisha nafsi namna hiyo. Mtu anaacha nafasi ya mbele, anakwenda kukaa kwenye viatu, na jicho la pembeni linapeleleza nani ameona. Sisemi ni wewe. Wala sisemi siyo wewe. Hilo unalijua mwenyewe na Mola wako. Ninachokijua ni kwamba injini iliyopakwa mafuta haifi. Itaibuka siku nyingine ikiwa na jina jipya, na jina hilo huenda likawa unyenyekevu, na hapo ndipo itakaposumbua kweli, kwa sababu nani atathubutu kumkemea mtu mnyenyekevu?

Hadithi ya Liemba haikuishia majini, ndiyo maana naipenda. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua. Chuma kile kile kilichoundwa kwa ajili ya vita kikabeba magunia ya dagaa, mapipa ya mawese, mabibi harusi na wagonjwa, kutoka hapa mpaka Mpulungu kule Zambia. Mwaka 2015 ikawachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga na kuwaleta Kigoma. Hakuna aliyeipasua na kuuza chuma chakavu ndipo iwe njema. Ilipewa kazi nyingine.

Umesoma kuhusu Imamu Ghazali, najua, maana ulinisimulia wewe mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, akaitazama nia yake akaona imejaa kutafuta jina. Ulimi ukamfunga, akashindwa kufundisha, hata chakula kikawa hakishuki. Mwaka 1095 akaacha yote akaondoka. Hapo ndipo wewe uliposimama kusimulia, na hapo ndipo ulipoishi mpaka leo. Lakini mwaka 1106 alirudi kufundisha, kule Nishapur. Kazi ile ile, darasa, wanafunzi, watu wanaomsikiliza na kumsifu. Alieleza mwenyewe kwamba ingawa alirudi kwenye elimu, kwa nafsi yake hakuona kuwa amerudi kule alikotoka, kwa kuwa nia haikuwa ile. Na sheikh wetu Abdulqadir Jilani, baada ya miaka mingi ya kujitenga nyikani, aliingia mjini Baghdad akaanza kuwahutubia watu mwaka 1127, wakajaa. Hawa wote walikuwa na sauti zao na hawakuzikata.

Na lipo neno la Fudhail bin Iyadh, yule mcha Mungu wa zamani, lile kali: kuacha amali njema kwa ajili ya watu ni ria, yaani kujionyesha. Wewe ulikuwa unadhani ria ni kusoma tu. Kumbe na kunyamaza kunaweza kuwa ria. Mie neno hilo linanitisha kuliko hotuba nyingi za moto, kwa kuwa linafunga mlango wa nyuma ambao watu wa dini tunapenda kuutorokea.

Sasa hii saumu ya kila siku na zile doti. Kumbuka masahaba Salman na Abu Dardaa, ambao Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwaunganisha udugu. Salman akaenda kumtembelea nduguye, akamkuta mke wa Abu Dardaa amevaa mavazi duni, hajajipamba. Akamuuliza kulikoni. Mama akajibu kwamba ndugu yako hana haja na dunia. Abu Dardaa akaja, akamwandalia mgeni chakula, akasema yeye amefunga. Salman akasema, sili mpaka nawe ule. Akala. Usiku Abu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia lala. Akainuka tena, akaambiwa lala. Usiku ulipokaribia kuisha Salman akasema, sasa amka, wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Walipofikisha habari kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli.

Nafsi yako ina haki juu yako. Ukishaiua, haki hiyo utamlipa nani? Na tazama ilivyoanza: rafiki aliingia nyumbani, akaona nguo, akauliza. Mie siwezi kufika leo, goti hili, lakini shemeji ameniulizia kwa niaba yangu. Hilo la saumu kamweleze khalifa wenu, kiongozi wa tarika hapo, mie si sheikh wa kukupangia ibada. Ila mtu akifunga kwa hasira, mwenye kufuturishwa jioni ni ile hasira.

Jirani yangu hapa ni Mkatoliki, tunaanika pamoja. Nilimgusia jambo hili bila kukutaja jina. Akasema kwao imeamriwa umpende jirani yako kama nafsi yako, "na mie ningekuwa naichukia nafsi yangu kama huyo mwenzako, wewe jirani ungekoma." Nimekuandikia kama alivyosema.

Utaniuliza nafanyaje mie mwenyewe. Tangu nirudi kuhiji watu wananiita Hajati. Siku mtu akiniita Mama Fulani tu, mbele za watu, nasikia hapa kifuani mtu anakohoa. Namjua huyo. Zamani angenipeleka kwenye toba na kilio siku nzima. Siku hizi namwambia kimoyomoyo, nimekusikia, kaa hapo, kisha naendelea kuuza dagaa wangu. Anakaa. Hajaondoka, na sidhani kama ataondoka kabla yangu. Lakini akishaonekana na asipigwe wala asipewe kiti cha mbele, makelele yake yanapungua. Amani yenyewe ni hiyo tu, somo. Sijui kama kuna iliyo kubwa zaidi. Kama ipo, wataijua wenye daraja zao.

Kwa hiyo rudi ukasome. Wasichana wa hapo kwenu wanahitaji mtu wa kuwafundisha Barzanji, kile kitabu cha maulidi, kwa makhraja yake, kila herufi itamkwe inavyostahili, na wewe unayo, na hukujipa mwenyewe. Siku nyingine mpe mwenzako nafasi asome kipande, na asikosolewe na macho yako. Ukimaliza kusoma nenda jikoni moja kwa moja ukapakue pilau na wengine, usizunguke ukumbini kusubiri. Usimuulize mtu, "Nilisomaje?" Na ukisifiwa sema alhamdulillahi, basi. Usianze kujikana, maana ukijikana watakusifu mara mbili, na utaondoka na mzigo mkubwa kuliko ulivyokuja. Kitu kikinyanyuka ndani, kiache kinyanyuke na wewe endelea kumswalia Mtume. Wale wanawake walilia kwa sababu walimkumbuka yeye. Wewe ulikuwepo tu.

Mfungo Sita ukiingia, panda treni uje Ujiji. Akina mama wa hapa wameshanisumbua, wanauliza yule somo wako wa Tabora yuko wapi. Nimewaambia atakuja, na atasoma, kwa hiyo usiniumbue. Watoto waache kwa mama mkwe, na niandikie kwanza homa ya binti iliishaje. Na ile doti ya zambarau uliyomgawia wifi yako, kamwombe akuazime kwa safari. Usipoweza kumwomba nitamwandikia mie.

Msalimie sana shemeji, mwambie nimepokea malalamiko yake na nimeyafikisha.

Ni mimi somo wako,
Ujiji