Koplo aliyeketi mkekani

Langoni, Lamu
Jumapili, baada ya Alasiri

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, kaskazi imeanza kulegea, na mama anakusalimu sana. Anakukumbusha pia ile sahani yake uliyoondoka nayo na visheti. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika saba nzima. Nikaona huyu nimjibu kwa kalamu, maana kwa mdomo tutagombana kama siku ile ya bao.

Unasema gwaride la heshima kwa askari aliyekufa ni maigizo matupu. Glavu nyeupe, tarumbeta, risasi hewani, bendera inakunjwa kama kanga mpya, kisha magari yanaondoka na mjane anabaki na bili ya stima. Zile fedha, ati, apelekewe kwa M-Pesa, yaishe.

Nusu ya maneno yako nayakubali na nitayarudia. Lakini wewe ulikuwa Nakuru tulipomzika yule kijana askari wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, yule uliyemfundisha kuogelea pale gatini akakushinda ndani ya wiki mbili. Hukuona. Basi nikusimulie.

Alikufa kwa bomu lililotegwa barabarani. Maiti ikaja kwa ndege mpaka Manda, na kutoka Manda, kama ujuavyo, ni mashua. Maji yalikuwa yamekupwa. Ngazi za gati zote mwani, na vijana wanane wa bara wamevaa viatu vinavyong'aa kama kioo wanapanda na sanduku lenye bendera juu. Nikasema leo heshima yote itaingia baharini. Vijana wa mashua hawakungoja kuambiwa. Wakashuka majini na nguo zao, wakawashika askari viuno mpaka juu. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nikuandikie.

Mzozo ulikuwa barazani. Afisa wao, mtu mpole, alikuja na utaratibu wake, na wazee wetu wana utaratibu wao. Sanduku haliingii kaburini, maiti inashuka na sanda yake. Bendera itolewe kabla ya kuswaliwa. Akakubali yote. Kufika kwenye risasi tatu, mzee mmoja akamwambia: "Mwanangu, hapa tangu uvamizi wa Mpeketoni mwaka 2014 mlio wa bunduki si heshima, ni watoto kuingia mvunguni." Afisa akanyamaza kidogo, akasema basi, hatutapiga.

Unajua zile risasi zilitoka wapi? Husemwa kwamba katika vita vya zamani vya Ulaya mapigano yalisimamishwa ili kila upande uondoe maiti wake, na ukimaliza unapiga mara tatu kumwambia adui: wetu tumeshawaondoa, tuendelee. Kwa hiyo tatu zile zilikuwa ruhusa ya kuanza kuuana upya. Sisi tuna konzi tatu za mchanga kila mtu anazotupia kaburini, na mchanga hauna maana nyingine. Sikuona tulichopungukiwa.

Tarumbeta ndiyo iliyobaki. Imamu aliinamisha kichwa muda mrefu kabla ya kujibu. Mwishowe akasema ipigwe baada ya maiti kusomewa talakini na dua, na mpigaji asimame nje ya ukuta wa makaburi. Ikawa hivyo. Wimbo wenyewe, Last Post, jeshi letu limeurithi kwa Waingereza, na asili yake si ya mazishi. Ulikuwa wa kambini usiku, kutangaza kwamba walinzi wote wamekaguliwa, kila mmoja yuko mahali pake, siku imekwisha. Sisi tumesimama na kanzu zetu, jasho linatutiririka, na kule nyuma ya ukuta sauti inapanda peke yake. Punda mmoja akaijibu. Watoto wakacheka, na hakuna aliyewakemea.

Kisha afisa akauliza: "Mama yuko wapi?"

Huko kwao mama huketi kwenye kiti mbele ya kaburi, bendera ikakunjwa mbele yake, akakabidhiwa. Kwetu mwanamke haendi makaburini, na hilo hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mkono mmoja umeshika bendera iliyokunjwa, mwingine unafuta jasho. Tukamwambia mama yuko nyumbani. Akasema twendeni.

Sahibu, gwaride la watu wawili wawili halipiti vichochoro vya Langoni. Wakapita mmoja mmoja, wakijibana ukutani kuwapisha punda wa mchanga. Kufika mlangoni afisa akakaa dakani akafungua kamba za viatu, na wale wengine wakafanya kama yeye. Viatu tisa vya jeshi, jozi tisa nataka kusema, vimepangwa kizingitini kama siku ya Idi. Mjane yuko ndani katika edda, nyuma ya pazia. Mama akatoka na buibui lake, akapokea bendera kwa mikono miwili. Afisa akasema maneno yao, kwa niaba ya fulani na fulani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, asimkatize. Kisha akamuuliza: "Wewe ulikuwa naye?"

"Hapana, mama."

"Basi nani alikuwa naye?"

Afisa akageuka. Mwisho wa mstari, nje kabisa, alisimama koplo mmoja, mmoja wa wale wanane wa gatini. Akaitwa. Akaketi mkekani na soksi zake, mgongo umenyooka kama yuko kwenye ukaguzi. Alipoletewa kahawa akalegea, akaanza kusimulia. Jinsi kijana wetu alivyokuwa akikataa samaki wa kambini akisema hao wamekufa mara mbili. Jinsi alivyopika chapati zikawa ngumu mpaka wakazirusha kama visahani. Mama akamuuliza mara tatu kama alipata maumivu, na mara tatu koplo akajibu hapana, ilikuwa papo hapo. Ndipo mjane akasema kutoka nyuma ya pazia, neno moja tu alilosema siku ile mbele ya wanaume: ile sauti ya mtoto niliyomtumia asubuhi, aliisikia?

"Aliisikia, dada. Alitusikilizisha wote."

Kama ni kweli au si kweli, mimi sikumuuliza, nawe usiniulize.

Basi hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Fedha zinaweza kwenda kwa simu, wala sizidharau. Lakini M-Pesa haiketi mkekani. Bila ya gwaride lile, koplo yule angekuwa kwenye zamu yake huko porini, na mama angepata barua yenye muhuri. Glavu na tarumbeta kwangu ni kama mchele wa karamu: watu wakishafika, ndipo shughuli yenyewe huanza. Serikali, ambayo sisi huifuata maofisini na faili kwapani, siku moja ilivua viatu ikaingia kwa mtu. Mimi nimeona mara moja tu maishani mwangu.

Sasa ile nusu yako. Mjane yule alihangaika na karatasi za mafao muda mrefu. Ofisi moja ilimrudisha mara nne kwa sababu ya herufi moja katika jina la mkwewe. Mara ya nne aliniambia: wangeniletea cheki kwa gwaride ningewapigia vigelegele. Sina la kumjibu, na nikiwa mkweli, wewe pia ukiniuliza sina. Ninachokataa ni kufanywa kwamba moja lilipe jingine. Aliyekudai mawili ukamlipa moja, bado anakudai.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya gharama. Gwaride hupewa yule ambaye wakubwa wako tayari aonekane. Kambi ya jeshi letu ya El Adde ilipovamiwa kule Somalia, tarehe 15 Januari 2016, miili ilipokelewa kwa heshima zote, lakini idadi haikutangazwa. Bendera zilikuwepo, hesabu hakuna. Heshima ya namna hiyo ni ya nani, kama hata kuhesabiwa ni siri? Hapo nakupa mkono wako, umeshinda.

Lakini wewe unasema wakubwa ndio wanaopenda fahari. Mkumbuke Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, aliyekufa kwenye ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 pamoja na wanajeshi tisa. Alikuwa ameacha wasia azikwe ndani ya saa 72, bila mbwembwe, na tarehe 21 akazikwa kwao Siaya bila sanduku. Hapa barazani wazee walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja akasisitiza kwamba huyu kazikwa mazishi yetu. Gwaride lilikuwepo, mizinga ikalia, na maiti ikashuka ardhini kama yeyote kati yetu. Kumbe vitu viwili hivi vinaweza kukaa pamoja hata bila imamu kuamua.

Na kama unataka cha kucheka, Marekani, tangu mwaka 2000, sheria inataka kila askari wa zamani anayestahili, familia yake ikiomba, apate wanajeshi wasiopungua wawili wa kukunja bendera na tarumbeta ipigwe. Wapigaji wakawa hawatoshi. Wakatengeneza kifaa kinachotiwa ndani ya tarumbeta, askari anaiweka mdomoni, anabonyeza, wimbo unatoka wenyewe. Hayo ndiyo maigizo, nakubali! Ingawa nilipofikiri tena, yule askari bado amesafiri, bado amesimama kaburini kwa mtu asiyemjua.

Nimalize na la kwako, na usinikasirikie. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, usiku ule ufukweni Malindi, kwamba baba wa babu yako alichukuliwa katika Vita vya Kwanza kubeba mizigo ya Waingereza, na nyumbani kwenu husemwa tu "alikwenda Kariakoo". Carrier Corps ilivyotamkwa na wazee ndiyo hiyo Kariakoo, na leo watu wa Dar es Salaam wananunua nyanya ndani ya jina hilo bila kushtuka. Tarehe 11 Novemba 1920 Waingereza walimzika askari wao mmoja asiyejulikana pale Westminster Abbey, London, mfalme akitembea nyuma ya jeneza. Wapagazi wetu wengi wakati huo hata hawakuwa "wasiojulikana", walikuwa hawakuandikwa. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Sisi nasi tusijifanye watakatifu: maadui waliouawa katika vita vya Shela, hapa kisiwani kwetu, karibu mwaka 1812, maji yalipowapwea wasiweze kukimbia na majahazi yao, mifupa yao iliachwa mchangani, nasi tulipokuwa watoto tulichezea juu yake.

Nilikuona usiku ule, sahibu. Ulikuwa huzungumzii fedha ambazo baba wa babu yako hakulipwa. Ulikuwa ukisema hakuna mtu aliyekuja kuwaambia. Mpaka leo hamjui kama ni homa, au njaa, au mto, wala siku gani ya kumsomea.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao tuna kisomo cha khitma ya yule kijana. Mama yake ndiye anayeandika orodha ya majina ya marehemu yatakayotajwa, na ameniambia kila anayetaka alete la mtu wake. Hapo Malindi mwulize shangazi yako jina kamili la baba wa babu yako, yeye na baba yake, unitumie kabla ya Alhamisi. Na sahani ya mama, tafadhali, mpe dereva yeyote wa basi anayeshuka Mokowe.

Nduguyo