Umaskini wa mzazi usiwe sababu ya kumchukua mtoto

Mhariri,

Kila inapotoka habari ya mtoto aliyekutwa peke yake ndani, mlango umefungwa kwa kufuli na jikoni hakuna kitu, maoni ya wasomaji huwa yaleyale: mama akamatwe, watoto wachukuliwe. Naielewa hasira hiyo. Lakini ni nadra habari hizo kutuambia mama alikuwa wapi. Yawezekana alikuwa kwenye zamu ya usiku, kwa ujira usiotosha hata kumlipa mtu wa kukaa na mtoto.

Naomba tutenganishe watu wawili ambao mafaili ya ustawi wa jamii huwachanganya: mzazi anayemnyima mtoto matunzo, na mzazi asiye na cha kumpa.

Hili si suala la huruma tu. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inazitaka nchi ziwasaidie wazazi wenye shida, hasa katika chakula, mavazi na makazi. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto. Humo imeelezwa bila kuficha kwamba umaskini, au hali iliyoletwa na umaskini tu, kamwe usiwe sababu pekee ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Uchukuliwe kuwa dalili kwamba familia inahitaji msaada. Serikali zimeyakubali hayo kwa maandishi. Yanayotokea mlangoni pa mtu ni mengine.

Jirani au mwalimu ametoa taarifa, afisa amefika, na mezani kwake ana kesi nyingi kuliko anazoweza kuzifuatilia. Anaandika anachokiona: godoro moja kwa watu wanne, paa linavuja, mtoto amepitwa na chanjo, nguo zimechakaa. Karibu yote hayo yangeondoka kwa fedha, na hakuna hata moja linaloonyesha kama mtoto huyo anapendwa au anateswa. Sasa, afisa hana fungu la kununua godoro. Alichonacho ni mamlaka ya kumwondoa mtoto, basi anatumia alichonacho.

Baada ya hapo umaskini unazidi, na hapa ndipo panaponiuma. Mzazi anapewa masharti: atafute nyumba yenye vyumba vya kutosha, awe na kazi ya kudumu, ahudhurie mafunzo ya malezi, afike mahakamani, amtembelee mtoto siku alizopangiwa. Mengi ya hayo huangukia saa za kazi. Anayelipwa kwa siku akikosekana mara kadhaa anaachishwa, na kuachishwa kwake kunaingia kwenye faili kuwa ameshindwa kutimiza masharti. Kama alikuwa anapata ruzuku kwa ajili ya mtoto, inakatwa kwa kuwa mtoto hayupo, halafu kodi ya nyumba inamshinda. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1997 inazitaka mamlaka, isipokuwa katika hali maalumu, kufungua shauri la kumvua mzazi haki zake iwapo mtoto amekaa kwenye malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Na yapo majimbo huko yaliyowadai wazazi hao hao gharama za kumtunza mtoto aliyechukuliwa. Sijapata kusikia hoja inayoweza kulitetea jambo hilo.

Kumtenga mtoto na familia kuna gharama kwa mtoto mwenyewe. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, zaidi ya watoto 100,000 walikutwa kwenye makao ya serikali, na wengi wao hawakuwa yatima. Wazazi wao walikuwa hai ila hawana uwezo. Watafiti waliowafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest waliona kwamba waliohamishiwa kwenye familia za malezi walikua vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Na fedha zikipelekwa kwa wazazi? Tunao mfano. Mwaka 2021 Marekani iliongeza posho ya watoto hadi dola 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6, na nusu yake ikalipwa kwa mafungu ya kila mwezi moja kwa moja kwa familia. Kwa kipimo chao kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2. Nyongeza ikaachwa ikome, na mwaka 2022 kiwango kikarudi juu hadi asilimia 12.4. Wazazi hawakuwa wamebadilika tabia ndani ya mwaka mmoja.

Wapo watoto wanaopigwa, wanaobakwa, wanaoteswa na waliowazaa. Hao waondolewe leo hii. Naamini wangefikiwa mapema zaidi kama maafisa wasingekuwa wamezama kwenye mafaili ya magodoro na mapaa.

Kwa hiyo nataka sheria imlazimishe afisa, kabla hajamgusa mtoto, kujibu kwa maandishi: je, hali hii ingekuwepo kama nyumba hii ingekuwa na fedha? Jibu likiwa hapana, awe na fungu la kulipa kodi au kununua kitanda wiki hiyohiyo, na hakimu akatae ombi la kumwondoa mtoto hadi fungu hilo litumike.

Nanyi waandishi, mnapowahoji wakuu wa idara hizi, waulizeni ni watoto wangapi wamechukuliwa bila tuhuma yoyote ya kupigwa wala kudhalilishwa, na kila mmoja anagharimu kiasi gani kwa mwezi huko aliko. Chapisheni majibu yao kando ya kiasi ambacho mama yake angehitaji ili abaki naye.

Msomaji wenu