Barua kwa Neema: kabla hujaacha jiu-jitsu, tuongee gadi kwanza

Neema mwanangu,

Marahaba mama, shikamoo yako imefika kwenye ile voisi. Huku Kondoa tu wazima, mama yako anasalimia na bibi anauliza unakula nini huko chuo. Mimi nataka nijibu lile la mwisho ulilosema haraka haraka, kwamba unafikiria kuacha jiu-jitsu, huo mchezo wenu wa kukabana chini, kwa sababu kila sparingi, yaani pambano la mazoezi, wewe ndo uko chini, na yule kijana wa kilo 90 anakulalia mpaka muda unaisha. Hili siwezi kulijibu kwa voisi, kwahiyo soma ukiwa umetulia hosteli, siyo kwenye daladala ya kushuka mjini.

Kwanza tuangalie hesabu. Kwenye mashindano ya sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazil, mtu akikuangusha anapata pointi 2, akivuka miguu yako akakudhibiti ubavuni anapata 3, akikukalia tumboni magoti huku na huku anapata 4, akikupanda mgongoni akaingiza miguu 4. Sasa nitafutie hapo pointi za mtu aliye juu ila kafungiwa katikati ya miguu yako. Hakuna. Akae humo dakika zote, kwa kukaa tu hapati kitu, na wewe wa chini ukimpindua ukakaa juu ukamshikilia sekunde 3 unapewa 2. Kwahiyo kuna kuwa chini na kuwa chini, mwanangu. Miguu yako ikiwa bado iko kati yenu hiyo ni gadi na kazi inaendelea, miguu ikishapitwa hapo ndo una shida kweli, na kwenye klipu uliyonitumia huyo jamaa hajakupita hata mara moja! Umelia kushindwa kitu ambacho hujashindwa.

Na mchezo huu umekua hivi kwa sababu ya watu wadogo wa mwili kama wewe. Mjapani Mitsuyo Maeda, mtu wa judo wa shule ya Kodokan, alifika Brazil mwaka 1914, akaja kumfundisha kijana wa huko, Carlos Gracie kule Belém, na mdogo wake Carlos, yaani Hélio, alikuwa mwembamba, hawezi kushindana nguvu na watu wakubwa, akakomaa na zile mbinu za chini. Mtoto wa Hélio, Royce, Desemba 1994 kule Tulsa Marekani, kwenye UFC 4, mashindano ya kuchanganya mitindo yote ya mapigano, alikutana fainali na Dan Severn, mtu wa mieleka aliyemzidi zaidi ya kilo 30, na enzi hizo hakuna madaraja ya uzito wala kikomo cha muda. Severn akamlalia karibu dakika 15. Kila anayeangalia anajua Royce kaisha, kumbe yuko gadi anasubiri, miguu ikapanda mabegani, akamfunga kabali ya miguu ile wanaita trayango, Severn akatapu, yaani akagonga kwa mkono kukubali kushindwa. Itafute uiangalie, ila usiruke mpaka mwisho kama unavyofanya siku zote, angalia pale katikati panapoboa, angalia nyonga za Royce.

Nyonga ndo tatizo lako. Kwenye klipu mgongo wako wote umelala bapa kwenye mati, umefunga miguu kiunoni kwake umekaza kweli, mikono imemkumbatia shingo, unashikilia tu. Hapo unajichosha wewe, yeye anapumzika. Gadi ya kufunga kazi yake ya kwanza ni kumvunja asikae wima, maana akikaa wima mgongo umenyooka humfanyi chochote, na kumvunja siyo kazi ya mikono, mikono yako haitamshinda kilo 90. Unamvuta kwa magoti, unayaleta kifuani kwako ghafla, na mikono inadaka alichokiacha, mmoja ndani kabisa ya kola ya gi yake, lile vazi la mchezo, mwingine kwenye mkono wa gi upande wa pili. Akishainama usibaki umemkabili uso kwa uso, sogeza nyonga pembeni ukae kwa mshazari. Armbar ya kunyoosha kiwiko, trayango, karibu vyote vinaanzia kwenye huo mshazari.

Alafu jifunze kushambulia kwa kufuata anachokupa. Akijivuta nyuma akae wima, fungua miguu uinuke naye, mgonge na nyonga umpindue. Akiweka kiganja chini kwenye mati ajizuie, huo mkono ndo kimura, kufuli la kusokota bega, funga hapo hapo (Kimura mwenyewe, Masahiko, mtu wa judo wa Japani, alimvunja Hélio mkono kwa hiyo hiyo mwaka 1951 pale Maracanã Rio, ndo jina likabaki). Akikusukuma kwa kichwa akurudishe chini, shingo yake ameileta mwenyewe, gilotini, yaani unamkaba shingo kwa mkono kutoka mbele. Hizo tatu ni kitu kimoja, zifanye kwa pamoja mpaka usiwaze. Mimi ningekuwa mwalimu wako nisingekuonyesha kingine miezi kadhaa.

Hafu gadi, yaani nusu gadi, pale unapobaki umemfungia mguu mmoja tu, utaihitaji sana kwa sababu mtu mzito mara nyingi atavuka mguu mmoja. Usilale chali hapo, hata kidogo. Lala kwa ubavu, goti la juu liwe ngao kifuani kwake, pambania mkono wako upite chini ya kwapa lake, na usimruhusu akugeuze uso kwa bega, maana uso ukigeuka na mwili unafuata. Zamani watu waliichukulia kama nusu ya kupitwa, mpaka akina Roberto Correa wa Brazil, aliyeumia goti, wakaonyesha inashambulia. Ukikaa kitako jaribu na gadi ya bataflai, nyayo zako ndani ya mapaja yake, kichwa kimebana kifuani kwake, hiyo Marcelo Garcia, bingwa wa Brazil, aliishi nayo na alikuwa wa daraja la chini ya kilo 77 akipambana mpaka na mijitu mikubwa. Hizo gadi za De la Riva na spaida mnazotumiana kwenye simu ni nzuri, zitakuja baadaye, magoti yako nayapenda kuliko hizo video.

Na la shangazi yako. Najua kakupigia, na mimi kanipigia, anasema siyo heshima binti kulala chini mwanaume yuko katikati ya miguu. Nimemsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni dada yangu mkubwa na anakupenda. Nimemjibu kwamba mtu mbaya akitaka kumdhuru mwanamke anamweka hapo hapo, na mimi nataka binti yangu pakiwa hapo ajue la kufanya, amvute karibu asipate nafasi ya kurusha ngumi, amsukume kwa miguu, ainuke akimbie. Hajakubali bado, tutamwelewesha. Ila na wewe sikia, una haki ya kukataa kusparingi na mtu yeyote bila kutoa sababu, na mkono wa mtu ukienda pasipo pa mchezo mwambie mwalimu saa hiyo hiyo na mimi niambie, basi la Kondoa Dodoma lipo kila siku nitakuja.

Wiki hii usitafute kushinda. Mwombe huyo huyo wa kilo 90 aanzie ndani ya gadi yako, kazi yako iwe kumvunja asikae wima na kusogeza nyonga ukae kwa mshazari, basi, akikupita mnaanza upya. Watu wakubwa wengi wana roho nzuri ukiwaambia unachojifunza. Tapu mapema, kunywa maji, hiyo baridi ya asubuhi ya Dodoma upashe mwili vizuri kabla hujagusa mati.

Jumamosi mkimaliza nipigie uniambie mkono wake aliuweka wapi ulipomgonga na nyonga, kulia au kushoto, na ujirekodi ukiweza, simu iwekwe chini usawa wa mati nione kiuno chako.

Baba yako