Risala ya kikundi cha wapiga matarumbeta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye onesho letu. Tunajua una majukumu mengi, na tunakushukuru zaidi kwa kukubali kukaa mpaka risala isomwe.

Kikundi kilianza na wapigaji wachache na matarumbeta ya kuazima. Historia iliyobaki imo kwenye ratiba. Kuhusu mafanikio, tumepiga hatua kubwa: vijana wanasoma noti wenyewe, na tumeimudu konseto (muziki wa chombo kimoja kinachoongoza okestra) ya mtunzi Telemann, katika ufunguo wa D meja, sehemu ya kwanza, ile ya polepole, kwa ufanisi wa hali ya juu, ukiondoa noti za juu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, noti hizo ndizo kilio chetu. Hatuna tarumbeta la pikolo, yaani tarumbeta dogo la sauti za juu. Bomba lake ni nusu ya urefu wa tarumbeta la kawaida la B-flati, hivyo hulia oktavu moja (noti nane za ngazi ya muziki) juu zaidi. Wapo wanaodhani linagawa noti za juu bure. La hasha, midomo hutoa jasho lilelile. Ila kwenye bomba refu noti za juu zimesongamana, mpigaji akilenga moja anaangukia jirani yake. Kwenye bomba fupi zimeachana, na shabaha hukaa.

Konseto ya pili ya Brandenburg, ambayo mtunzi Bach aliikabidhi mwaka 1721, iliandikiwa tarumbeta lisilo na valvu (vitufe vya kubadilisha noti). Leo wengi huipiga kwa pikolo, chombo ambacho mpiga tarumbeta Maurice André wa Ufaransa alikitangaza duniani. Kazi za watunzi Handel na Torelli, hata solo ya “Penny Lane”, wimbo wa Beatles wa 1967, zinatusubiri. Vijana wameshafundishwa kupuliza pumzi nyembamba yenye kasi bila kulazimisha, kupumzisha midomo mara kwa mara, na kurudi kwenye tarumbeta la kawaida kila siku ili sauti isikonde. Yote haya wanayajua kwa nadharia.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi pikolo, tena akiwa amesimama. Tulipiga makofi marefu. Baada ya barua na simu nyingi, pikolo ikaletwa kweli: filimbi ya pikolo. Tunaishukuru, ingawa hatuna mpiga filimbi. Aliyemtangulia yeye aliahidi kulifanyia kazi suala hili, na tunaamini bado analifanyia kazi.

Ili kukupunguzia usumbufu, Mheshimiwa, tunafafanua. Ni tarumbeta, si filimbi. Liwe la B-flati, lenye valvu nne, kwa kuwa ya nne hutufikisha kwenye noti za chini ambazo valvu tatu hazizigusi. Liwe na mabomba mawili ya kubadilisha pale panapochomekwa kipulizio (kipande cha kuwekea midomo), moja la B-flati na moja la A. Kazi nyingi za tarumbeta za zama za Bach ziko D meja: kwa bomba la A mpigaji anasoma flati (alama ya kushusha noti) moja tu, kwa lile la B-flati anakabiliana na shapu (alama za kupandisha) nne. Na kipulizio chake kisisahaulike, kwa sababu cha tarumbeta kubwa mara nyingi hakifai.

Maelezo haya yamo kwenye bahasha uliyokabidhiwa. Nakala nyingine anayo msaidizi wako, na ya tatu tutaituma ofisini kwako.

Tungefarijika sana leo tukitajiwa tarehe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi