Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ile karatasi ya leseni

Ndugu wanachama, salaam. Hesabu mtasomewa na mweka hazina, vikao tumekaa, michango imeingia kiasi chake, hayo tuyaache. Mi naenda kwenye kile mlichonipigia simu mwaka mzima, yaani ule mwongozo wetu wa leseni za urubani.

Karatasi ile tuliiandika vibaya, niseme tu. Tuliandika "leseni ikiisha" bila kusema tunaongelea nini, wakati rubani anatembea na leseni yenyewe, reitingi (kibali cha aina ya ndege au ya urukaji), medikali (cheti cha afya) na cheti cha lugha ya kuongea redioni, na kila kimoja kina kalenda yake. Mtu anaangalia leseni anaona iko poa anaruka, kumbe medikali ilishakufa wiki mbili nyuma. Imempata mwenzetu mmoja, kaja kujua mbele ya mkaguzi. Aibu ile ni yetu, si yake.

Medikali ndo imeumiza wengi. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinasema rubani wa ndege binafsi akiwa chini ya miaka 40 inakaa miezi 60, akivuka 40 inashuka hadi 24, na umri unaohesabiwa ni wa siku uliyopimwa. Ulaya wao wameongeza lao, ukipima kabla ya 40 cheti kinakoma ukifikisha 42. Sisi tukaandika "miaka 5", basi, na wazee (nami nimo) tukajipangia miaka 5 yetu kwa raha zetu.

Halafu ile ya kuruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90. Nchi nyingi hiyo ni kwa anayetaka kubeba abiria, ukiwa peke yako haikuhusu, sasa sisi tuliiweka chini ya kichwa cha "uhai wa leseni" na kuna mtu kakaa miezi bila kuruka akidhani hana leseni kabisa, wakati angechukua ndege peke yake akazipata hizo mara 3 asubuhi moja tu.

Mlipouliza tukawajibu "wasilianeni na mamlaka", yaani ya usafiri wa anga. Ni kweli anayetoa leseni ni mamlaka, chama hakitoi, ila kama jibu ni hilo tu ada mnalipia nini? Kwenye kamati wapo walioogopa kwamba tukifafanua na tukakosea tutalaumiwa. Mi nilikuwa mmoja wao, na lawama zenyewe si tumezipata vilevile.

Kwa hiyo karatasi ya zamani tumeifuta. Mpya itatenganisha vitu hivyo vinne, kila kifungu kitaonyesha kanuni kilikotoka na tarehe tuliyoihakiki, na pale ambapo kamati haina uhakika tutauliza mamlaka sisi wenyewe kwa maandishi, jibu tuwaletee. Ya lugha bado inaandikwa, maana kwa mapendekezo ya ICAO mwenye kiwango cha 4 cha lugha kupimwa tena ni kila miaka 3, cha 5 miaka 6, na cha 6 hakirudiwi, na rasimu ya kwanza ilishavichanganya tena.

Mwenye nakala ya zamani kwenye begi la ndege aichane leo.