Brashi ya mwalimu mstaafu

Mhariri,

Mwalimu aliyenifundisha sanaa amestaafu, lakini brashi hajaiweka chini. Juzi nilimkuta akichora machungwa matatu na mtungi. Kivuli cha mtungi hakukipaka nyeusi. Alichanganya buluu na kahawia, kikapata uhai. Alitufundisha hivyo tukiwa watoto, nami nimemwelewa siku hiyo. Rangi ya mafuta hukauka taratibu, kwa hiyo tunda huweza kunyauka kabla ya picha kwisha.

Inaniuma watu wanapodharau picha za matunda na mandhari. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, aliyefariki 1906, alirudia kuchora matofaa na mlima uleule, Sainte-Victoire, kwa miaka mingi. Naomba gazeti lako liwape nafasi walimu wa sanaa kama wangu. Picha za mwalimu wangu zimerundikana chini ya kitanda.

Mwanafunzi wake wa zamani