Wanaorusha mechi za mitaani Tanga waanze na waya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno na vijana wanaorusha mubashara mechi za ndondo, yaani soka la mitaani, na za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hapa Tanga, pamoja na viongozi wa michezo wanaowachangia fedha. Mechi za Ligi Kuu sizigusi, kwa kuwa zina mwenye haki zake na mitambo yake. Nazungumzia zile ambazo mzazi aliyeko Maskati au Dar es Salaam hana namna ya kumwona mwanawe akicheza isipokuwa kupitia simu yake.

Miezi michache iliyopita niliitwa kusaidia kurusha fainali moja ya mtaani huku Makorora. Kamati ilikuwa imechangisha fedha ikanunua kamera nzuri kweli kweli, na chenji iliyobaki ndiyo ikanunulia bando. Saa nne asubuhi tulipima kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma picha kwenda mtandaoni, tukapata megabiti 9 kwa sekunde, tukapeana mikono. Saa kumi na nusu jioni, uwanja ulipofurika na kila shabiki akawa na simu mkononi akituma picha zake, kasi ile ile ikashuka chini ya megabiti 1. Bao la ushindi lilifungwa huku watazamaji wakikodolea macho kiduara kinachozunguka, na shemeji yangu aliyeko Mombasa akanipigia kuniuliza nani kafunga. Lawama zote akabebeshwa mtoto wa watu aliyeshika kamera.

Alionewa. Mnara wa simu hugawa uwezo wake kwa wote waliounganishwa nao, hivyo kipimo kilichochukuliwa uwanja ukiwa mtupu hakisemi lolote kuhusu uwanja uliojaa. Isitoshe, wengi wetu tukipima mtandao huangalia kasi ya kupakua, ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa, ilhali anayerusha anaishi kwa ile ya kupandisha. Picha yenye mistari 720 huhitaji takriban megabiti 3 kwa sekunde na ya 1080 huhitaji kati ya 4 na 6, na fundi mwangalifu hatumii zaidi ya nusu au theluthi mbili ya kasi aliyoipima. Kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa mbili za matangazo hula gigabaiti 3.6, anayekuja uwanjani na bando la gigabaiti 2 ajue kwamba litamkatikia kipindi cha pili ndiyo kwanza kinaanza.

Ndani ya uwanja wenyewe mambo si magumu, ila yanataka waya. Masafa ya 2.4 GHz ya waifai hujaa kelele mara tu watu wanapojaa, kwa hiyo nashauri kila kamera ije kwa kebo yake hadi kwenye swichi, kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao, kisha kwenye kompyuta yenye OBS Studio, programu ya bure ya kuchanganya picha za kamera na kuzirusha. Tahadhari moja: kebo ya kawaida ya mtandao imewekewa kikomo cha mita 100, na kiwanja cha mpira chaweza kufika mita 120 kwa urefu, ukizungusha kebo kutoka nyuma ya goli hadi jukwaani umeshavuka kikomo, na picha itaanza kukatika bila mtu kuelewa sababu. Weka swichi nyingine katikati ya njia. Ikiwa ni ya aina inayopeleka umeme ndani ya kebo hiyo hiyo, na kamera ni ya kuupokea, utaepuka pia kukimbizana na betri. Kamera tatu zikituma megabiti 8 kila moja hufanya 24, mzigo ambao hata swichi ya zamani ya megabiti 100 huubeba bila taabu.

Kinachobaki ni njia ya kuitoa picha uwanjani kwenda mtandaoni, na hapo ndipo fedha ziende. Njia ikiwa ya kuyumba, RTMP, itifaki (yaani utaratibu wa kusafirisha picha mtandaoni) iliyozoeleka, huumia, kwani kipande kimoja cha data kikipotea, vyote vilivyo nyuma yake husubiri. Itifaki nyingine, SRT, ambayo kampuni ya Haivision iliiweka wazi kwa umma mwaka 2017, huomba upya kile kilichopotea tu, ndani ya muda wa kuchelewa uliouweka mwenyewe. Mimi huweka sekunde 2. Kwa kuwa mitandao mingi ya kijamii bado hupokea RTMP, itabidi pawe na seva katikati, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kubadilisha SRT kuwa RTMP, gharama ambayo kamati inapaswa kuijua mapema.

Mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, sisi tusioweza kufika uwanjani tulitegemea redio, na redio haikuwa na kiduara. Ombi langu kwa wanaosimamia viwanja vyetu ni dogo: waingize laini moja ya faiba hadi jukwaa kuu, iishie kwenye kisanduku chenye kufuli pamoja na soketi mbili za umeme, na kila kamati ya mashindano ilipie siku inayotumia. Ufunguo ukae kwa mlinzi wa uwanja, maana mechi zetu nyingi huchezwa Jumamosi na Jumapili, wakati ofisi zimefungwa.

Fundi mitambo mstaafu,
Makorora, Tanga